Kurudi kwenye uchoraji: shajara ya kitabu cha kurasa 32

Januari 6

Mradi umeanza rasmi leo. Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa ofisini: ripoti, vikao, majedwali. Kabla ya hapo nilikuwa mchoraji wa vitabu vya watoto, na huko ndiko ninakorudi. Kuanzia mwezi huu siku zangu za ofisini zimepungua. Siku nyingine za wiki ni za kuchora, pamoja na kila alfajiri ya siku ya kazi, saa kumi na moja hadi saa moja, nyumba ikiwa bado imelala.

Kazi yenyewe ni moja: dami kamili, yaani kielelezo cha kitabu kizima cha kuwaonyesha wahariri, ya kitabu cha picha cha kurasa 32. Ni hadithi ya mtoto anayefuata tiara yake baada ya uzi kukatika. Mwisho wa Juni dami iwe imefika kwa wahariri, ikiwa na kurasa kadhaa zilizokamilika kwa rangi na nyingine zote kwa penseli safi. Pembeni yake nijenge potifolio mpya, yaani mkusanyo wa kazi za kuwaonyesha wateja, kwa sababu ile ya zamani inaonyesha mchoraji niliyekuwa, na mteja wa leo anataka kumjua wa leo.

Naandika shajara hii kwa sababu mchoraji anayejisimamia hana wa kumuuliza, "Imefikia wapi?" Ofisini swali hilo huulizwa kila Jumatatu, upende usipende, na linasukuma kazi mbele. Huku nyumbani ni lazima nilijengee mahali pake. Naiandika pia kwa wenzangu walio njiani kurudi: mpiga picha aliyefungia kamera kabatini, mwandishi, mwanamuziki, mbunifu wa mavazi. Wengi wetu tunajua kwamba mkono haujasahau kila kitu. Kinachotushinda ni kukaa chini asubuhi na kujua tuanze na nini.

Dhana ninayotaka kuipima katika miezi hii ni kwamba umakini huharibiwa zaidi na maamuzi yasiyofanywa kuliko na kelele. Meza yenye swali moja lililokwisha kujibiwa hukalika hata nyumba ikiwa na fujo. Meza yenye maswali kumi haikaliki hata pakiwa kimya.

Januari 9

Nimeanza kwa kuandika maswali yote yaliyo wazi, moja baada ya jingine, bila kuyajibu. Yamejaa ukurasa na kumwagika nyuma yake. Nichore kwa rangi za maji au kwenye kompyuta? Kitabu kiwe cha mraba au cha kulala, yaani kipana kuliko kimo chake? Mtoto ana umri gani? Hadithi iwe na maneno au picha tupu? Nijifunze programu mpya kwanza? Nifungue akaunti za kuonyesha kazi sasa au baadaye?

Swali la vifaa ndilo lililonikalisha muda mrefu, na nadhani kila anayerudi baada ya miaka atakutana nalo, kwa sababu uwanja umebadilika tukiwa hatupo. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ilihamishia programu zake kubwa za kuchora na kuhariri picha kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka, badala ya kununua mara moja ukamaliza. Flash Player, iliyokuwa ikionyesha mtandaoni katuni za wachoraji wengi, ilisitishwa mwishoni mwa 2020. Kisha 2022 zikaja programu za akili unde zinazotoa picha kwa kuandikiwa maneno tu, Midjourney na Stable Diffusion zikiwamo. Mtu aliyeacha kabla ya hayo yote hurudi akiwa na hofu mbili kwa mpigo: hofu ya kuachwa nyuma na hofu kwamba kazi yenyewe haihitajiki tena.

Nimekaa na hofu hiyo ya pili kwa makini, kwa sababu si ya kupuuzwa. Jibu langu ni hili. Kitabu cha picha ni mfuatano wa maamuzi: mtoto yule yule, akiwa na uso ule ule na hofu inayoongezeka kidogo kidogo, kwa kurasa nyingi, na kila kufunua kuwe na sababu. Kazi hiyo ndiyo ninayoipenda na ndiyo niliyokuwa nikiiweza. Nitaifanya.

Basi vifaa vimeamuliwa: wino na rangi za maji juu ya karatasi ya gramu 300, ambayo haijikunji sana ikilowa. Kisha skana, kisha usafishaji kwenye Krita, programu ya bure inayonitosha kabisa. Kitabu ni cha kulala, kwa sababu tiara inaruka kwenda upande na inahitaji anga. Hadi mwisho wa Juni sibadilishi chochote kati ya hivyo. Nimeyaandika kwenye kadi na kuibandika juu ya meza. Nikisikia kuna brashi mpya ya ajabu au kalamu ya kidijitali iliyotoka juzi, itaandikwa kwenye daftari la "baada ya Juni" na kusubiri huko.

Januari 15

Mkono umekuwa mzito. Jicho linaona kosa kabla mkono haujaweza kulirekebisha, na hilo ndilo linalowakatisha tamaa wengi wanaorudi. Ladha haikulala miaka yote hiyo. Ilikuwa inakomaa huku mkono ukikaa bure.

Kila alfajiri naanza na zoezi fupi lisilo na uhusiano na kitabu: mistari mirefu inayotoka begani, duara bapa za kila ukubwa, kisha mikono. Mikono ndiyo inayonifundisha zaidi. Nauchora mkono wangu wa kushoto ukiwa umeshika kitu chembamba, kwa sababu mtoto wangu wa hadithini atashika uzi kwa kurasa nyingi. Leo niligundua kwamba anayeshika uzi uliovutwa na upepo habani vidole vyote. Uzi unapita juu ya kidole cha shahada, kidole gumba kinaubana kutoka juu, na vile vitatu vilivyobaki vinafungia mwisho wa uzi kiganjani. Ukichora ngumi tu, uzi unaonekana kama fimbo. Ukichora kidole cha shahada kikiwa kimenyooka kidogo mbele ya vingine, upepo unaonekana bila kuchora upepo.

Karatasi za zoezi zinaingia kwenye boksi chini ya meza na sizihukumu. Kazi yake ni kuupasha mkono moto.

Januari 24

Kurasa 32 si namba niliyojitungia. Mtambo wa uchapaji huchapa karatasi kubwa ambayo hukunjwa na kukatwa kuwa kurasa 16, na mikunjo miwili kama hiyo hutoa kitabu cha kawaida cha picha. Ukiondoa ukurasa wa jina na ule wa hakimiliki, unabaki na jozi 14 hivi za kurasa zinazotazamana. Kwa mtu anayejisimamia, mpaka huu ni msaada mkubwa. Hadithi haiwezi kutanuka bila mwisho, na mimi siwezi kujidanganya kuhusu kiasi kilichobaki.

Wiki nzima nimechora vichoro vidogo vya jozi zote, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko stempu. Katika ukubwa huo huwezi kuremba. Unaweza tu kuamua: mtoto yuko wapi, tiara iko wapi, jicho linaingilia wapi na kutokea wapi. Jozi ya uzi kukatika nimeichora upya mara nyingi. Mwanzoni nilimweka mtoto katikati na tiara juu yake, lakini katikati ndipo kitabu kinapokunjwa, na uso wake ungemezwa na mkunjo. Nikamsogeza kushoto kabisa, mdogo, mkono ukiwa bado juu ingawa hakuna kitu cha kuvutwa tena. Tiara nikaiweka kulia, nusu yake ikiwa imeshatoka nje ya ukurasa, na kati yao anga tupu. Anayefunua anataka kujua imekwenda wapi, basi anafunua.

Hapa ndipo dhana yangu ya Januari 6 ilipopata mwili. Kuamua na kuchora ni kazi mbili, na kichwa hakipendi kuzifanya pamoja. Nikiamua, nataka kutembea, kufuta, kuuliza. Nikichora, nataka nisiulizwe chochote. Asubuhi zilizoniendea vibaya zamani, ninavyozikumbuka, ni zile nilizokaa na wino mkononi huku nikiwa bado sijui mtoto anatazama wapi.

Februari 3

Nimepata uthibitisho kutoka kwa watafiti, na nauandika kwa sababu umebadilisha jinsi ninavyofunga siku. Mwaka 2009 Sophie Leroy alichapisha utafiti kuhusu anachokiita mabaki ya umakini: mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuimaliza ya kwanza, sehemu ya fikra zake hubaki kule alikotoka na kazi ya pili huumia. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister wakaonyesha upande wa pili: shughuli isiyokamilika huingilia mawazo ya mtu akifanya jambo jingine, lakini akishaiwekea mpango mahususi, usumbufu huo hupungua sana hata kama shughuli yenyewe bado haijafanywa.

Kwa maneno mengine, akili haidai kazi iishe ndipo itulie. Inadai ijue itaishia vipi.

Basi kila ninapoinuka mezani naacha kikaratasi juu ya mchoro. Kuna vikaratasi visivyo na faida: "Endelea na jozi ya nne." Hicho ni swali lililovaa nguo za jibu. Chenye faida kinasema: "Jozi ya nne. Wino kwenye mkono wa kulia, kalamu ya 0.3, anzia kifundo. Halafu kivuli cha ukuta, brashi pana, bluu iliyolegezwa. Usiguse uso." Alfajiri inayofuata nakaa, nasoma, nafungua wino. Siku za ofisini ndizo zilizonufaika zaidi. Sichori kitabu kichwani nikiwa kikaoni, na sibebi vikao hadi kwenye meza ya kuchora, kwa sababu na kule nimeanza kuacha vikaratasi.

Februari 12

Kuhusu saa. Wengi wanajua njia ya Francesco Cirillo ya mwishoni mwa miaka ya 1980: dakika 25 za kazi, mapumziko mafupi, kisha tena. Kwa barua pepe, ankara na kupanga potifolio inanifaa sana, naipendekeza bila wasiwasi. Kwa rangi za maji hainifai. Rangi ina saa yake. Ukipaka anga karatasi ikiwa mbichi, huwezi kuiacha katikati kwa sababu kengele imelia, maana itakauka na kuacha ukingo usioondoka. Na ukishamaliza huwezi kuendelea hata ukitaka, hadi ikauke.

Kwa hiyo nafuata ukaukaji. Napaka tabaka moja, nainuka, najinyoosha, natazama dirishani, narudi. Kama karatasi bado ni baridi ukiigusa kwa nyuma ya mkono, haijakauka ndani. Mapumziko yangu yanapangwa na kazi yenyewe, na sijawahi kuhisi kwamba nimekatizwa.

Februari 27

Simu inalala chumba kingine tangu wiki ya kwanza. Kwenye hilo sina mengi ya kusema, lilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Watu ndio suala linalohitaji upole.

Ukifanya kazi nyumbani, watu huona mwili wako uko nyumbani na kuhesabu kwamba na muda wako uko huru. "Si upo tu?" Huulizwa kwa nia njema kabisa: mpokee mgeni, msubiri fundi, mpeleke fulani mahali. Katika kazi ya sanaa uzito unaongezeka, kwa sababu mtu akikuona na penseli anadhani unajiburudisha. Hata mwanangu aliniuliza, akiwa amesimama mlangoni, "Mama, leo unafanya kazi au unachora?"

Nikaweka brashi chini nikamwambia, "Kuchora ndiyo kazi yangu, mwanangu. Mlango ukifungwa, nipo kazini. Ukifunguliwa, nipo nyumbani."

Ameelewa vizuri kuliko watu wazima. Sasa yeye ndiye anayewaambia wengine, "Mama yuko kazini."

Kwa watu wazima nimejifunza kutoa jibu lenye saa ndani yake: "Nitakuwa huru saa nane." Sijitetei, wala siombi radhi. Mtu akipewa saa anaona kuna ratiba, na palipo na ratiba pana kazi. Baba watoto naye tumekaa tukagawana alfajiri na jioni kwa maandishi, na maandishi hayo yamezuia manung'uniko mengi. Kwa kweli nadhani nusu ya kujisimamia ni kuwaambia watu wako mapema unachohitaji, tena kwa sauti ya kawaida, kabla hujachoka na kulisema kwa ukali.

Machi 10

Mtoto aliugua na meza ikakaa wiki nzima bila kuguswa. Ofisi iliendelea, usiku ulikuwa wa kukesha, kitabu kikasimama. Amepona, nashukuru.

Kwa anayerudi kwenye sanaa, wiki kama hii ni hatari kwa namna ya pekee. Inazungumza kwa sauti ya miaka ile yote ya kutochora: unaona, maisha yamekurudisha kulekule. Dhidi ya sauti hiyo nina jambo la hakika. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya za kila siku. Muda wa tabia kuzoeleka ulitofautiana mno, kuanzia siku 18 hadi 254 kwa makadirio yao, wastani wa kati ukiwa 66. Na kukosa siku moja hakukuvuruga ujenzi wa tabia kwa kiasi cha maana. Wiki ni ndefu kuliko siku, najua. Lakini fundisho kwangu ni kwamba mazoea hayabomoki kwa pigo moja, na kwamba aliyeambiwa atazoea kwa siku 21 akishindwa asijihukumu.

Nimerudi kwa kazi ndogo kuliko zote: kukata karatasi kwa vipimo, kuzipanga, kuandika kikaratasi. Siku iliyofuata, zoezi la mikono. Ya tatu, wino. Sikujaribu kulipa deni la wiki kwa kukesha. Ratiba ya Juni ina nafasi ya wiki kama hizi kwa sababu niliiweka tangu mwanzo, na nashauri kila mwenye familia aiweke.

Machi 22

Imekuja kazi ya nje. Mteja aliyenikumbuka kutoka zamani anataka michoro ya haraka, nzuri, ya kulipwa, lakini ingekula Aprili yote. Siku hiyo hiyo akaja mwingine anayetaka "sampuli chache" bila malipo ili aone kama tutaelewana.

Haya ndiyo maamuzi yasiyofaa kufanywa moyo ukienda mbio. Mtu aliyerudi baada ya miaka anafurahi kuitwa tu, na furaha hiyo inaweza kumkubalisha lolote. Kwa bahati nilikuwa nimeshaandika masharti yangu kwa mtindo wa "ikiwa... basi", ambao Peter Gollwitzer ameutafiti kwa miaka mingi na kuueleza vizuri katika makala yake ya 1999. Mtu akipanga mapema kwamba hali fulani ikitokea atafanya jambo fulani, uwezekano wa kulifanya unaongezeka, kwa sababu hali yenyewe inamkumbusha.

Masharti yangu yanasema: ikiwa kazi inalipwa na inaingia kwenye alasiri mbili za wiki, basi naikubali. Ikiwa inagusa alfajiri, basi naomba tarehe ya baadaye. Ikiwa ni sampuli bila malipo, basi natuma potifolio na kusema kwamba michoro maalumu ina gharama yake. Na kwa kila ombi najibu kesho yake, kamwe si palepale.

Wa kwanza amekubali nifanye sehemu tu ya kazi, kwa muda mrefu zaidi. Wa pili hajajibu, nami nimelala vizuri.

Aprili 8

Nusu ya jozi zina penseli safi.

Kila Ijumaa jioni nafanya mkutano na mimi mwenyewe. Natandika sakafuni kila kilichochorwa, natembea juu yake, naandika mambo matatu: kipi kimekamilika, kipi kimekwama na kwa sababu ya uamuzi gani, kipi kinafuata. Neno "uamuzi" limeniokolea muda mwingi. Nikijiuliza "kwa nini nimekwama?" napata majibu ya kulaumu: uvivu, umri, kipaji. Nikijiuliza "ni uamuzi gani haujafanywa?" napata jibu linalotendeka. Jozi ya nane ilikuwa imekwama kwa sababu sikuwa nimeamua kama bibi anaiona tiara au haioni. Nikaamua haioni. Ikachorwa kwa siku mbili.

Kipimo changu ni jozi zilizokamilika, wala sihesabu saa. Saa ni rahisi kuzijaza. Isitoshe, uwezo wa kuzingatia kwa kina una kikomo. K. Anders Ericsson na wenzake, katika utafiti wao wa 1993 juu ya wapiga fidla, waliona kwamba hata walio bora hawakuzidisha saa 4 hivi za mazoezi ya kina kwa siku, tena kwa vipindi vyenye mapumziko. Alfajiri yangu ya saa mbili ni nusu ya hiyo. Nikiitumia yote kwa mstari na rangi, sina deni na mtu.

Kuhusu kujilinganisha: natazama kazi za wachoraji wengine Jumapili tu, nikiwa na daftari. Naandika kilichofanya mchoro wao ufanye kazi: mwanga umetoka wapi, wameacha wapi pakavu. Kutazama hivyo ni kusoma. Niliowaacha wakianza wamekuwa mabingwa, na nimewaandikia wawili kuwaambia ninavyoipenda kazi yao. Wote wawili walijibu kwa ukarimu, mmoja akinieleza jinsi wahariri wanavyopenda kupokea dami siku hizi: faili moja ya PDF, nyepesi, kurasa zikiwa zimeunganishwa kwa jozi.

Mei 2

Rangi. Shati la mtoto ni njano ya udongo, tiara ni nyekundu, na hakuna chekundu kingine kitabuni hadi jozi ya mwisho. Uamuzi huo mmoja umenipunguzia mamia ya maamuzi madogo. Nina ukanda wa karatasi wenye rangi zote za kitabu, kila moja na mchanganyiko wake umeandikwa chini, kwa sababu njano niliyochanganya Jumanne haitarudi Alhamisi kwa kubahatisha.

Kwa uchapaji: kila mchoro unazidi ukingo kwa milimita 3 kila upande, za kukatwa. Skana kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi), halafu faili za mwisho dpi 300 kwa ukubwa halisi. Nyekundu ya tiara inang'aa kwenye kioo cha kompyuta na kufifia kidogo ikigeuzwa kuwa rangi nne za uchapaji, kwa hiyo naitazama katika hali hiyo tangu mapema.

Mei 30

Dami imekunjwa na kushonwa. Haina maneno, kwa hiyo nimeisimulia kwa sauti, nikifunua, mbele ya mwanangu. Katika jozi ya tisa na ya kumi aliangalia pembeni. Picha zote mbili zilikuwa nzuri kwangu, lakini zilisema jambo moja: mtoto anatafuta. Nimeziunganisha kuwa moja, na nafasi iliyopatikana nimempa bibi, ambaye sasa ana jozi yake peke yake.

Uamuzi huo ulikuwa mgumu kwa sababu mojawapo ya picha zile ni bora kuliko zote nilizochora mwaka huu. Imekwenda kwenye potifolio, na pale inasimama vizuri sana.

Juni 19

Imetumwa kwa wahariri wachache niliowachagua kwa kutazama vitabu wanavyotoa, kila mmoja na barua yake. Nimeandika kwenye jedwali: nani, lini, toleo gani, na tarehe ya kukumbusha endapo kimya kitaendelea. Ujuzi wa ofisini haukupotea bure. Natunza faili, najua kuandika barua fupi, najua kuomba jibu bila kusukuma. Miaka ile niliwahi kuihesabu kuwa imepotea, na sasa nauona mchango wake kila siku ninapofungua jedwali hili.

Kipindi cha kusubiri ni mtihani wa pekee, kwa sababu uamuzi uliobaki si wangu. Kisanduku cha barua nakifungua mara moja, baada ya saa nane. Alfajiri ni za hadithi ya pili, ambayo bado iko kwenye vichoro vidogo.

Juni 28

Majibu mawili. Mmoja amekataa kwa heshima: orodha yao ya vitabu visivyo na maneno imejaa. Wa pili amependa jozi ya uzi kukatika na jozi ya bibi, na anaomba mambo mawili kabla ya kuipeleka dami kwenye kikao chao: mwisho uwe na pumziko moja zaidi kabla ya tiara kuonekana, na jozi nyingine moja ikamilike kwa rangi ili waone mwanga wa jioni.

Nimejibu leo baada ya kulilalia. Rangi ya jozi moja naifanya. Ni sehemu ya dami, na potifolio itaihitaji kwa vyovyote. Mwisho nitautuma kwa penseli tu, njia mbili tofauti, achague. Nimeuliza pia kikao ni lini, na kama wakikubali, malipo ya awali na mrabaha vinapangwa vipi na hakimiliki ya michoro inabaki kwa nani. Mratibu wao amesema nitapata majibu hayo kwa maandishi ndani ya wiki.

Jozi niliyoichagua kwa rangi ni ya kumi na mbili, paa na anga ya jioni. Karatasi imeshalowekwa na kubandikwa kwenye ubao. Wiki ijayo alfajiri zote ni zake, hadithi ya pili inahamia alasiri, na kazi ya mteja wa Machi inakabidhiwa Alhamisi.